TAHADHARI!! Jamaa wa matairi ya baiskeli "mapya" ni tapeli, nusura aniue

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa hiyo mtanivumilia. Yule jamaa anayepost matairi kwenye magrupu ya baiskeli za gia hapa Dar, yule wa "mzigo umeingia wahi mapema", msinunue kwake kitu chochote, hata valvu msinunue.

Tulikutana Kariakoo Jumamosi jioni, kagiza kanaingia, pembeni ya maduka ya spea ambayo yalishafungwa. Kaja na jezi ya baiskeli, pampu ya mguu yenye geji, matairi yako ndani ya nailoni mpya kabisa yamekunjwa vizuri. Akafungua moja mwenyewe akalikung'uta, poda nyeupe ikamwagika chini, akaniambia "unaona kaka, hata poda ya kiwandani bado iko ndani". Nikalishika, jeusi tii linang'aa, kutoa mkono vidole vyote vyeusi. Nikamuuliza hii nini, akacheka, eti "hayo mafuta ya kiwandani, tairi jipya likikosa hayo ndo uogope". Nikajipangusa kwenye suruali, na ile suruali imefuliwa mpaka leo doa halijatoka. DAWA YA VIATU jamani. Harufu niliisikia kabisa ila pale Kariakoo jioni utasikia harufu ngapi.

Na kabla hamjaanza kwenye komenti, bei haikuwa ya kutupa. Dukani lilikuwa linauzwa elfu 55 yeye alitaka 40, nikachukua mawili kwa 70, angesema elfu 10 ningeshtuka. Halafu watu wa grupu letu wenyewe walishamsifia, na akanifungia bure, akajaza upepo huku ananionyesha geji inasoma 80, akanishauri na mambo ya breki. Tapeli gani anakushauri mambo ya breki? Na sikuwa na muda wa kuzunguka maduka, safari ya baiskeli ya Bagamoyo ilikuwa imeshapangwa na wenzangu kina Mzee wa Gia.

Sasa nashuka Kimara kuja Ubungo asubuhi, nikaanza kusikia tak tak tak mbele, kumbe ubavu wa tairi umeshavimba kijipu kinagonga kwenye breki kila linapozunguka. Kabla sijapunguza mwendo PWAA! La nyuma likipasuka unaweza ukahangaika ukasimama, la mbele usukani unakataa kabisa, ringi inateleza kwenye lami unaenda nayo inakotaka. Nikaangukia bega. Mtulinga umevunjika, kiwiko kimechubuka mpaka nyama nyeupe, helmeti imepasuka upande na hiyo ndo iliyoniachia kichwa. Boda mmoja, Mungu ambariki, ndo kanibeba na baiskeli akaifunga nyuma, akahangaika na PF3 (ile fomu ya polisi ya kutibiwa), mimi nachomwa sindano ya pepopunda huku nalia kama mtoto.

Fundi wangu alipolivua lile tairi akaniita video call. Ndani, pale pale chini ya poda, kuna kipande cha tyubu kuukuu kimebandikwa na gundi kuziba tundu la ubavuni, nyuzi za tairi zimekatika kitambo, kwa nje kajazia gundi nyeusi akapaka dawa akang'arisha. La nyuma akaliosha na sabuni ya unga tu, nyufa zikatokea mzunguko mzima. Mtumba uliochoka huo, ulishatupwa na wenyewe huko ulikotoka!

Nimempigia, akapokea akajifanya hanijui, halafu kaniblock. Huyu mtu aswekwe ndani, siyo faini, NDANI, na siku ya kutoka apewe baiskeli yenye tairi lake lile ashushwe nayo mlima Kitonga. Yani mtu anakaa chini na brashi, anajua kabisa kuna binadamu atapanda hii kitu, anapaka! Mnaomtetea eti naye anatafuta riziki nawaona, mke wangu ndo ananivalisha shati saa hizi.

Anyway mlioniuliza utamjuaje yeye na matairi yake: hakutani mchana na hana duka. Maandishi ya ubavuni mwa tairi ya saizi na PSI (kipimo cha upepo) yamefifia au yamekwanguliwa, mimi sikuangalia, kulikuwa giza. Vidole vikiwa vyeusi na harufu ya dawa ya viatu kimbia. Likunje kwa nguvu ubavuni uone kama kuna nyufa, geuza ndani ufute hiyo poda upitishe kidole. Waya wa ukingoni ukiwa na kutu basi. Mengine fundi atawaambia, mimi bega linauma.

Mlionunua kwake mwezi huu VUENI LEO mkaangalie ndani, hasa la mbele. Na mwenye ile namba yake nyingine anicheki inbox, usiiweke hapa akaiona akaizima, RB (namba ya kesi ya polisi) ninayo tayari.