Uzoefu wangu: hadithi za bahati nasibu nilizosikiliza nikiwa dirishani kwa kubeti

Naandika hii kwa wale wanaopenda hadithi fupi za giza ila sio za majini na mapepo. Karibu miezi mitatu nimesikiliza hadithi za michezo na bahati kwenye programu moja ya vitabu vya sauti, na kipindi hicho kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani kwenye kibanda cha kubeti huku Tandika, Dar es Salaam, kwa hiyo sikio moja hedifoni, sikio jingine mteja. Zote ni kwa Kiingereza, ya Kiswahili humo sijaona hata moja na hilo linaniuma sana maana wenye kuzihitaji ndio hawa hawa wanaopanga foleni mbele yangu.

Anza na Man from the South ya Roald Dahl, ya mwaka 1948. Iko Jamaika, hotelini, kuna mzee mfupi kavaa nguo nyeupe na kijana wa Kimarekani wa jeshi la majini anayejisifia kiberiti chake cha gesi kwamba hakigomi. Mzee anamwambia kiwashe mara 10 mfululizo, ukiweza unachukua gari langu Cadillac, kikigoma hata mara moja nakata kidole chako cha mwisho cha mkono wa kushoto. Basi, hadithi ndio hiyo. Misumari miwili inagongewa mezani, mkono unafungwa kwa kamba katikati yake, kisu kipo tayari, halafu mtu anaanza kuhesabu kwa sauti.

Hapo niliganda, maana huo ni mkeka, yani mechi nyingi kwenye risiti moja, ikikosea moja tu umeliwa zote. Mkeka wa mechi 10 kabisa. Chukua kiberiti kinachogoma mara moja tu kati ya 10, yani kiberiti kizima hicho, kukiwasha mara 10 bila kukosa nafasi yake ni kama asilimia 35. Sasa mteja wangu anachagua timu 10 za odi 1.5, yani kila moja ikishinda hela inazidishwa mara 1.5, kila moja anasema hii ya uhakika, zikizidishwa inakuja odi 57 na ushee, anaona buku yake, shilingi elfu moja, imekuwa elfu 57, mi nachapa risiti nampa, na siku zote hizo sikuwahi kufikiria kwamba hiyo 57 ndio inamwambia ilivyo ngumu. Dahl haandiki hesabu yoyote, ila ukisikia "sita... saba..." mwili wenyewe unaelewa. Mwisho siusemi.

Ya pili ni ya Jorge Luis Borges wa Ajentina, bahati nasibu ya Babeli, ya mwaka 1941. Hii ngumu kidogo, nimeirudia mara tatu. Anayesimulia hana kidole cha shahada mkono wa kulia na anaanza hivyo hivyo bila kukueleza. Mwanzoni tiketi zinauzwa vinyozini, ukipata unalipwa sarafu za fedha, na watu hawaichangamkii. Mtu akaleta wazo, tuweke na namba mbaya chache, zikikuangukia unalipa faini. Ndio watu wakajaa! Asiyecheza akaonekana mwoga. Kisha faini ikawa siku za jela, mwisho wake kila mtu yumo, bure, kwa siri, droo kila baada ya usiku 60, unaweza kuamka mkubwa au ukaamka umehukumiwa kifo na hujui nani kachezesha.

Kwenye ile sehemu ya faini nilisimamisha sauti nikakaa kimya. Kwa sababu dirishani mtu aliyeshinda anakuja, anahesabu hela, anaondoka. Aliyechaniwa mkeka na mechi moja huyo atakusimulia wiki nzima, dakika ya ngapi, kona ilipigwaje, na kesho asubuhi ni wa kwanza kufika. Mi nilidhani wanarudi kwa ajili ya ushindi. Sio kweli, ile kuliwa kwa karibu ndio inawashika, na huyu Borges aliliona.

The Lottery ya Shirley Jackson nayo nzuri, ilitoka kwenye jarida la New Yorker Juni 1948 na mwandishi akapata barua zaidi ya 300, nyingi za hasira. Angalia tu wale watoto wanaookota mawe mwanzoni, mi niliwapita nikijua wanacheza.

Ubaya wa programu yenyewe, ukitoka haikumbuki ulipoishia, na ukisikiliza bila kudaunilodi inakula bando vibaya. Nyota 4.

Jambo moja la mwisho. Jumamosi moja usiku kaka mmoja mteja wa kila siku alikuwa amebakiza mechi moja, tisa zimeshatiki, risiti kaisugua kwa kidole gumba mpaka wino umeanza kufutika. Akaniuliza dada unasikiliza nini muda wote. Nikamtafsiria kwa kifupi hadi pale mkono umefungwa, nikampa hedifoni moja, tukasikiliza wote. Ilipofika nane akaitoa sikioni akaiweka taratibu kwenye kaunta, akasema zima dada, nakuomba zima, mpira wangu haujaisha.