Sefti boksi ya lita 5: tumeipima mikononi mwa anayeibeba

Sefti boksi ya kadibodi ya lita 5, sanduku la kutupia sindano zilizotumika, imeenea zahanati na vituo vya afya vya Tanzania na Kenya kiasi kwamba watu wameacha kuitazama. Ilipata msukumo mkubwa mwaka 1999, pale WHO, UNICEF na UNFPA walipotoa tamko la pamoja: hadi mwisho wa 2003, chanjo zote zitolewe kwa sindano zinazojifunga baada ya kutumika mara moja, na shehena za chanjo zije pamoja na sindano hizo na sefti boksi za kutosha. Tangu hapo mara nyingi imepimwa kwa jicho la muuguzi: iko karibu na mkono? Sindano inaingia bila kuhangaika? Kwa hayo inastahili sifa.

Kipimo chetu hapa ni kingine. Baada ya muuguzi kuosha mikono, yupo mhudumu wa taka anayeitoa wodini na kuipeleka kwenye tanuri la kuchomea taka. Je, boksi hili linafika huko bila kumchoma mtu?

Jibu fupi ni ndiyo, likikunjwa sawasawa na likijazwa kwa kiasi. Matatizo mengi yanaanzia kwenye mambo hayo mawili.

Maboksi huja yakiwa bapa, mara nyingi 25 kwa furushi, na michoro ya kukunja imechapishwa ubavuni. Sehemu ya kutazama kwa makini ni kitako. Vile vipande vya chini vina ulimi unaopaswa kuingia kwenye tundu lake hadi ukaze. Mtu mwenye haraka huvikunja juu kwa juu, boksi linasimama mezani likiwa tupu na kila mtu anaona liko sawa. Uzito wa sindano 80 ukiingia, kitako kinafunguka, tena si mezani bali njiani, boksi likiwa mkononi mwa mbebaji usawa wa mguu wake. Kwa hiyo kabla ya kuliweka kazini, ingiza mkono na ubonyeze kitako kwa kiganja kutoka ndani. Kikicheza, likunje upya. Usitumie stepla wala pini kulikaza: umeongeza ncha kali nyingine juu ya zilizopo.

Boksi la lita 5 hubeba takriban sindano 100 pamoja na mabomba yake, na mwisho wa kujaza ni robo tatu, mahali palipochorwa mstari. Mstari huo una sababu. Ukipitwa, sindano za juu zinabaki zimesimama kwenye mdomo, na anayefunga kifuniko anakutana nazo kwa vidole. Wengine hulitikisa ili taka zishuke, au huzisukuma kwa kalamu au kwa bomba jingine. Hapo ndipo ncha zinapotoboa ubavu, na ubavu uliotobolewa huwezi kuuona kirahisi kwenye korido yenye mwanga hafifu.

Kinacholijaza haraka mno ni vitu visivyostahili kuwemo: pamba, glavu, makaratasi ya kufungia sindano, vifuniko. Pamba na glavu zenye damu zina mfuko wake, wa njano au mwekundu kulingana na mwongozo wa nchi. Makaratasi ni taka za kawaida. Vichupa vya chanjo visivyofunguliwa navyo visiingie. Kichupa kilichofungwa hupasuka ndani ya tanuri kwa kishindo, na vioo vilivyoyeyuka huziba chanja (wavu wa chuma) za chini. Sindano yenyewe iingie bila kurudishiwa kifuniko na bila kutenganishwa na bomba.

Udhaifu wa kweli wa kadibodi ni maji. Tabaka lake la nje hustahimili unyevu kidogo, lakini likikaa kwenye sakafu inayopigwa deki kila asubuhi, kitako kinalainika, hata kama kilikunjwa vizuri. Liweke mezani au kwenye kishikio cha ukutani, usawa wa kiuno, ndani ya urefu wa mkono wa anayechoma sindano. Lisiwe juu kuliko bega, kwa sababu asiyeuona mdomo wa boksi anaingiza mkono kwa kubahatisha. Kwa sindano ndefu, kama zile za uti wa mgongo, na kwa vyumba vya upasuaji, hatulipendekezi kabisa. Huko panahitajika chombo cha plastiki ngumu.

Sasa kubeba. Shika mpini wa juu tu, boksi moja kwa mkono mmoja, mbali na mguu. Usilikumbatie, usilishike chini, usilibebe kichwani, usilitie ndani ya mfuko wa taka na kuutupia mgongoni. Glavu ziwe nzito za mpira, zile zinazofika karibu na kiwiko. Glavu nyembamba za uchunguzi hazitoshi kwa kazi hii. Hata hivyo ieleweke wazi kwamba hakuna glavu ya kawaida inayozuia sindano. Nzito hupunguza hatari tu, ndiyo maana mpini ni muhimu kuliko glavu. Ongeza aproni ya plastiki, miwani ya kukinga macho, na mabuti yenye soli nene, maana sindano iliyodondoka kwenye majani karibu na tanuri humsubiri mwenye kandambili.

Kwenye tanuri, boksi huingia zima, limefungwa, moja baada ya jingine, baada ya tanuri kupashwa moto kwa kuni. Kosa kubwa kuliko yote tunayoyajua kwenye mnyororo huu ni kulifungua na kumwaga sindano ili boksi litumike tena. Boksi hili ni la safari moja. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba moto hauondoi ncha. Matanuri madogo ya matofali yenye vyumba viwili hufanya kazi kwenye nyuzi joto 800 hivi za Selsiasi, wakati chuma cha sindano huyeyuka kwenye takriban 1,400. Vijidudu vimekufa, ila sindano inatoka kwenye majivu ikiwa bado inachoma. Acha tanuri lipoe kabisa, toa majivu kwa reki ya mpini mrefu, yaende kwenye shimo la majivu lililojengewa na kufunikwa. Mkono usiguse.

Mtengenezaji hawezi kuchapisha ubavuni haki za anayebeba, kwa hiyo tunaziandika hapa, kwa sababu boksi zuri mikononi mwa mtu asiyelindwa ni nusu ya kinga. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Zote mbili zinamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kinga. Ya Kenya inamtaka anayeendesha mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo, kwa hiyo hospitali haiwezi kujivua jukumu kwa kusema mzoa taka ni wa kampuni ya usafi iliyoshinda zabuni. Sheria hiyohiyo inataka kamati ya usalama na afya pale palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati ya hospitali isiyo na mhudumu wa taka ndani yake inajadili hatari isiyoijua.

Na akichomwa? Muuguzi aliyechomwa mara nyingi anamjua mgonjwa aliyetumiwa ile sindano. Mhudumu wa taka hajui: boksi lina sindano za watu 100. Hivyo asikubali kuambiwa asubiri kwanza. Aoshe kwa maji mengi na sabuni, asikamue jeraha, asimwagie Jiki. Aende kupimwa na kuanzishiwa PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa, mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na dawa hizo ni za siku 28. Uwezekano wa kuambukizwa VVU kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama mara 3 kwa kila 1,000. Homa ya ini B inaambukiza kwa urahisi zaidi sana, ila ina chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita. Kumpa mtu kazi hii bila chanjo hiyo ni uzembe. Tukio liandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari la ajali, maana bila maandishi hayo madai ya fidia, iwe kwa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) Tanzania au chini ya sheria ya fidia ya Kenya ya 2007, huwa magumu kuthibitisha.

Ukilinganisha na mbadala wake, galoni la plastiki la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo halipenyezi maji, lakini halina mstari wala kifuniko cha kufunga moja kwa moja, na likichomwa hutoa moshi mzito. Katoni ya dawa haifai hata kwa dharura. Vyombo rasmi vya plastiki ngumu ni imara kuliko kadibodi kwa kila hali, ila bei yake iko juu na vinakula nafasi stoo kwa kuwa havikunjiki bapa.

Kwa zahanati na vituo vinavyochanja na kudunga sindano za kawaida, hili la kadibodi ndilo tunalolichagua, kwa sharti kwamba lisiishe stoo. Maboksi yakiisha ndipo watu wanapojaza kupita mstari na kumwaga ili watumie tena. Hesabu ya kuagiza si ngumu: jumlisha sindano zote za kipindi, pamoja na zile za kuchanganyia chanjo, gawanya kwa 100, zidisha kwa 1.11 kufidia yatakayoharibika. Sindano 1,800 zinakupa 19.98, agiza 20.