Mihula miwili kwenye shule mpya ya mahitaji maalumu Dodoma

Mwanangu Imani ana miaka minane. Alichelewa kulia alipozaliwa, akabaki na mtindio wa ubongo: mkono wa kulia hauna nguvu, mguu anauvuta, maneno yanamtoka polepole. Alianzia darasa la kawaida hapa Nkuhungu, akakaa kiti cha nyuma kabisa, mwalimu mmoja na watoto zaidi ya mia. Hakupigwa wala kutukanwa. Ila mwaka mzima hakuulizwa hata swali moja.

Tuliposikia shule mpya ya msingi ya watoto wenye mahitaji maalumu imefunguliwa upande wa barabara ya Singida, tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kwenda. Jina silitaji, kwa sababu nina ya kusifu na ya kulalamikia, na mtoto bado anasoma hapo.

Kabla ya kuandikishwa, mtoto anapimwa: macho, masikio, mikono, uelewa. Asubuhi nzima imeisha hivyo. Mzazi mwenzangu, usilione jambo hilo kuwa usumbufu. Hapo ndipo tulipoambiwa kuwa sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Miaka minane tunaishi naye nyumba moja, tukidhani ni mkaidi akiitwa!

Majengo yanapendeza. Milango mipana, vyoo vina vishikio ukutani, kila mlango una njia ya mteremko ya kiti mwendo. Siku ya kwanza niliingia chooni kabla ya kuingia ofisini, mama Imani akaona aibu. Vishikio ni imara, nilivining'inia mwenyewe. Maji ndiyo hayakuwapo. Muhula mzima wa kwanza mtoto akijichafua anasubiri ndoo itoke jikoni. Tangi lilikuja baada ya wazazi kupandisha sauti kikaoni. Na ile njia nzuri ya zege inaishia hatua tatu nje ya darasa, halafu ni mchanga mtupu. Magurudumu yanazama. Mapumziko wenzao wakienda uwanjani, watoto watatu wa viti mwendo wanabaki barazani. Aliyechora madarasa naye hakuuliza wenyeji upepo wa Julai na Agosti unatokea wapi: madirisha yameukabili, vumbi jekundu linatua hadi kwenye uji.

Ada hakuna, kama shule nyingine za msingi za serikali. Chakula tunachangia kidogo. Kinachouma ni bajaji, shilingi 70,000 kwa mwezi, na hapo tumegawana na mama mmoja wa jirani. Ukitaka kumpeleka mtoto pale, anza kupiga hesabu ya usafiri kabla ya kitu kingine.

Sasa daftari. Kila mtoto ana daftari dogo linalokwenda na kurudi, mwalimu anaandika siku ilivyokuwa. Nililifurahia mno. Siku ya kwanza: "Ameshinda vizuri." Ya pili: "Ameshinda vizuri." Wiki tatu zikaisha kwa sentensi ile ile, hata siku aliyorudi na goti limechubuka. Nikaenda kuuliza. Mwalimu alikuwa na watoto ishirini na mmoja na msaidizi mmoja, na wanne kati yao ni wa kulishwa. "Baba Imani," akaniambia, "nikiandika ya kila mmoja, nitaondoka hapa saa ngapi?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimekwenda kugomba, nikaishia kumsaidia kubeba vikombe.

Julai akaja mwalimu wa pili, aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Patandi, Arusha. Darasa likagawanywa. Wiki hiyo hiyo daftari likarudi na maneno haya: "Leo amefunga vifungo viwili vya shati kwa mkono wa kushoto. Cha tatu kakataa, kanitazama, kacheka. Nyumbani msimfungie."

Mama Imani alisoma, akampa bibi yake, bibi akarudisha kwangu. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamvalisha sisi, kwa huruma na kwa haraka za asubuhi.

Mtaalamu wa tiba ya kuongea bado hajapatikana, na kwa mtoto kama wangu hilo ni pengo kubwa. Kusoma kunakwenda taratibu. Herufi anazitambua hadi *m*, zikichanganywa anapotea. Kwa hiyo ukienda kuangalia shule hii, au nyingine ya aina yake, majengo yatazame, choo kikague, lakini mwoneshe mwalimu mtoto yeyote kwa kidole, umuulize huyu jana amefanya nini. Akijibu "anaendelea vizuri," hesabu walimu waliopo kabla hujamlaumu.

Dereva wa bajaji sasa anatupigia honi kila asubuhi mpaka majirani wanalalamika. Namwambia asubiri, kijana yuko kifungo cha nne.