Pampu ya sumaku ya kupikia bia nyumbani: kwa nini bushi ililika kabla ya wakati

Nimeshaitumia pampu hii kwa mipiko 17. Kama ningeandika baada ya mpiko wa 11 ningeipa alama ya chini kabisa, na ningekuwa nimeionea.

Ni pampu ya sumaku, ya aina wanayoitumia wengi tunaopika bia nyumbani. Shafti ya mota haiingii kabisa kwenye chumba cha maji. Mota inazungusha sumaku moja kwa nje, na ng'ambo ya ukuta wa plastiki iko impela, kile kifeni kidogo chenye sumaku yake, nayo inafuata. Kwa kuwa hakuna sili ya shafti (kizuizi cha maji kuzunguka shafti), hakuna pa kuvujia kwenye shafti. Vya kulika ni vitatu: bushi, yaani kijibomba kilicho katikati ya impela, kishafti cha seramiki ambacho impela inazungukia, na washa ndogo ya mbele. Vyote vinalainishwa na maji yanayopita humo humo, si grisi wala oili. Maji yakikosekana, au yakiwa machafu, hivyo ndivyo vinavyoumia.

Mpiko wa 10 ilianza kugongagonga. Wa 11 ikawa inapiga kelele tangu inawashwa, na kuhamisha maji ya kimea kutoka sufuriani kulichukua muda mrefu hadi nikadhani paipu imeziba. Muuzaji aliniambia huo ni uchakavu wa kawaida, ninunue kichwa kizima, yaani chumba cha maji pamoja na impela yake. Mipiko 11 ni michache mno kwa pampu kuchakaa kikawaida, kwa hiyo sikununua. Nikaamua kuifungua.

Kwanza nilitenganisha mota na kichwa. Nilifungua skrubu nne, nikawasha mota peke yake. Kimya. Basi kosa liko kichwani. Kisha nikakirudisha na kupitisha maji ya baridi, koki zote zikiwa wazi. Kipimo hiki ni muhimu kuliko watu wanavyokichukulia. Maji yakiwa karibu ya kuchemka, pampu inaweza kupiga kelele kama changarawe kwenye kopo hata kama ni mpya, maana maji yanageuka mvuke pale kwenye mdomo wa kuvutia, presha inaposhuka. Kwa maji baridi yanayoingia bila kizuizi hiyo haitarajiwi. Yangu iligonga vile vile, kwa hiyo kuna kitu kimelegea. Nikajaza ndoo ya lita 10 nikihesabu muda: sekunde 85. Ilipokuwa mpya niliandika sekunde 50 kwenye daftari, kwa paipu hizo hizo.

Nikatandaza kitambaa cheupe nikaitoa impela. Kishafti cha seramiki kilikuwa safi, hakina hata mkwaruzo. Tundu la bushi lilikuwa limepanuka. Ukiitikisa impela kwenye kishafti unaona kabisa inayumba. Washa ya mbele ilikuwa imekonda. Usoni kwa impela kulikuwa na mistari myembamba ya duara, kama santuri. Hapakuwa na plastiki iliyoyeyuka wala kubadilika rangi kuzunguka tundu, na hiyo ndiyo dalili ambayo ningeitegemea kama pampu ingezungushwa kavu kwa muda. Mistari ya duara inasema jambo jingine: kuna kitu kigumu kilichokuwa kinasagwa mle ndani.

Nikakiona nyuma ya impela, upande wa sumaku. Kulikuwa na utando wa kijivu ambao niliudhani ni masimbi ya hopsi, yale maua ya kutia uchungu kwenye bia. Nilipoufuta kwa kidole gumba ulichoma. Ni chenga za chuma.

Hapo nilikwama, maana sufuria yangu ni ya chuma kisichoshika kutu, na sumaku haiing'ang'anii. Nilikumbuka kwamba baada ya mpiko wa 7 nilitoboa sufuria ile kuongeza koki ya pili. Kwenye boksi la zana bado kulikuwa na nyuzinyuzi za chuma zilizobaki nilipotoboa. Nikasogeza sumaku, zikaruka. Chuma cha aina hii kikikatwa na kukunjwa kwa nguvu, muundo wake wa ndani hubadilika pale pale na kuanza kushikwa na sumaku. Nilikuwa nimeisuuza sufuria baada ya kuitoboa, lakini chenga ndogo zilibaki kwenye uzi wa koki, na kila mpiko zilikwenda moja kwa moja mahali penye sumaku. Na sumaku iko karibu kabisa na bushi.

Sidhani chenga peke yake ndizo zilizoikondesha washa. Hapo nakubali kosa la pili. Nilikuwa napunguza mwendo wa maji kwa kufinya koki ya kuingilia, tena wakati wa kuhamisha maji yaliyotoka kuchemka sasa hivi. Ni kuibana pampu koo. Presha inashuka upande wa kuvutia, mapovu ya mvuke yanatokea, na impela inadundadunda mbele na nyuma badala ya kuelea kwenye maji. Koki ya kupunguzia inatakiwa iwe upande wa kutokea, na ya kuingilia iachwe wazi kabisa. Kijitabu cha pampu kinasema tu isizungushwe bila maji. Hili la koki hakina, na kwangu huo ni upungufu mkubwa, kwa kuwa kazi ya pampu hii ni maji ya moto.

Lawama yangu nyingine ni vipuri. Bushi haiuzwi peke yake. Imeshindiliwa ndani ya impela, kwa hiyo unanunua impela nzima kwa ajili ya kipande kidogo kuliko ukucha. Washa inauzwa, nashukuru.

Nilibadilisha impela na washa tu. Koki zote nilizifungua, nikazipiga mswaki kwenye uzi wake, kisha nikapitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sufuria yote hadi ikatoka safi mara tatu mfululizo. Kichwa nimekigeuza tundu la kutokea liangalie juu ili hewa ipate njia, na pampu nimeishusha chini zaidi ya sufuria, kwani haiwezi kujivutia maji yenyewe. Chujio la matundu madogo mbele ya pampu sikuweka, ingawa nilishauriwa. Maganda ya kimea yakiliziba, pampu itakosa maji tena na tutarudi kule kule.

Ndoo ya lita 10 ikajaa kwa sekunde 52. Baada ya mpiko wa 17 niliifungua tena. Nyuma ya impela nilifuta kwa kitambaa cheupe, kikabaki cheupe, na bushi haichezi.