TAHADHARI: Wakala wa "kumalizia shahada kwa miezi sita" hapa Tanga ni tapeli

Ndugu zangu wakazi wa Tanga, hasa mlio kazini na diploma zenu na ambao kwa miaka mingi mmekuwa mkitafuta namna ya kufikia shahada bila kuacha kazi, naomba mnisome hadi mwisho. Kati ya Februari na Juni mwaka huu nilimlipa shilingi 1,480,000 mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa kumalizia shahada za Marekani, na nilichopata ni faili moja la WhatsApp lisilo na thamani hata ya karatasi ya kulichapia. Simtaji jina kwa sababu jalada liko polisi, na pia kwa sababu alitupatia majina tofauti sisi watatu tuliolizwa. Jina anaweza kulibadilisha kesho asubuhi. Hesabu aliyotupigia ndiyo atakayorudi nayo, na hiyo ndiyo ninayotaka muifahamu.

Mimi ni mtunza stoo katika kampuni binafsi inayofanya kazi zake karibu na bandari. Diploma yangu ni ya ununuzi na ugavi, niliipata mwaka 2014, na tangu hapo nimewafundisha vijana wawili kusoma leja ya stoo, ambao leo wote wawili ni wakubwa wangu wa kazi kwa sababu wao wana shahada. Basi nilipoona karatasi ya njano imebandikwa kwenye nguzo ya umeme kule Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, ikisema "Una diploma? Uliishia njiani chuoni? Malizia digrii kwa miezi sita, krediti zako zinatambuliwa Marekani", sikuhitaji kubembelezwa.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kulikuwa na feni, bendera ndogo ya Marekani iliyosimamishwa ndani ya kikombe cha kalamu, na vyeti vitatu vilivyotiwa fremu ambavyo majina yake yalikuwa yamefunikwa kwa utepe mweupe, "kwa ajili ya usiri wa wateja," alivyosema. Alichukua transkripti yangu, akaisoma taratibu kama daktari anayesoma picha ya eksirei, kisha akaandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu: 240. Chini yake akaandika 120, akaizungushia duara. "Dada yangu," akasema, "shahada ya Marekani nzima ni krediti 120. Wewe unazo 240 za diploma. Umeshasoma mara mbili ya wanachotaka. Wewe unadai cheti tu."

Nakiri kwamba hesabu ile ilinikaa. Namba zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo penye hila yake. Transkripti yangu inaonyesha krediti 240, na shahada ya kwanza ya Marekani kwa kawaida huwa na krediti 120. Asichokisema ni kwamba krediti ya huku na krediti ya kule ni vipimo viwili tofauti, kama vile kibaba na debe. Katika mfumo wetu krediti moja inawakilisha saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, mazoezi na kujisomea. Ndiyo maana shahada yetu ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Marekani krediti moja ya muhula ni saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki kama 15, yaani saa 45. Sasa fanyeni hesabu wenyewe: krediti zangu 240 ni saa 2,400, na saa 2,400 ukizigawa kwa 45 unapata krediti 53 na kidogo, ambazo hazifiki hata nusu ya 120. Na hizo 53 ni za makadirio tu, kwa maana hakuna chuo kinacholazimika kuzipokea. Chuo kinachokupokea ndicho kinachokaa na mtaala wa masomo yako, kikalinganisha somo kwa somo, kikaamua kipi kinaingia na kipi hakiingii. Dalali hana uwezo huo, awe na bendera ya nchi gani mezani.

Malipo aliyapanga kwa mafungu ili yasiume kwa pamoja: 650,000 za usajili, 450,000 za "tathmini ya krediti", na 380,000 za kusafirisha cheti kutoka ng'ambo. Yote nilituma kwenye namba ya simu, na kila mara jina lililotokea kabla ya kuthibitisha lilikuwa la mwanamke ambaye wakala aliniambia ni mhasibu wake. Nilipoomba risiti aliniandikia kwenye kitabu cha risiti cha dukani, kile cha karatasi yenye kaboni kinachouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ofisi. Hakuwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Mtu anayeshika leja kila siku kama mimi alipaswa kusimama hapo hapo. Vyuo vikuu vya umma hapa nchini hupokea ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na vya binafsi vina akaunti za benki zenye jina la chuo.

Mwezi wa sita faili likaja. Lilikuwa na cheti na transkripti inayodai kwamba nilihudhuria masomo kuanzia 2011 hadi 2014, miaka ambayo nilikuwa hapa hapa Tanga nikisomea diploma. Nilikuwa na A katika somo la historia ya Marekani ambalo sijawahi kulisoma. Kilichonifungua macho kabisa, hata hivyo, ni transkripti ya mwenzangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi kule Pongwe, ambaye alinunua shahada ya elimu kwa mtu yuleyule. Tulikaa barazani kwake, tukaweka simu zetu sambamba. Masomo yalikuwa yaleyale, namba za masomo zilezile, na alama zilezile. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa amepata B+ katika usimamizi wa maghala. Tulicheka kwanza, kisha tukanyamaza.

Chuo kilichoandikwa kwenye cheti kina tovuti nzuri yenye picha za wahitimu, na kinadai kuwa na ithibati kutoka kwa baraza lenye jina refu la kimataifa. Huu nao ni mtego wa kawaida, kwa sababu Marekani Serikali yenyewe haitoi ithibati kwa vyuo. Inatambua mashirika yanayoitoa, na wajanja huanzisha baraza la uongo ili lithibitishe chuo cha uongo. Dawa yake ni kutafuta jina la chuo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani na ile ya CHEA, taasisi ya kule inayotambua mashirika ya ithibati, ambazo zote ziko wazi mtandaoni bila malipo. Chuo chetu hakikuwemo kwenye orodha yoyote, na baraza lake pia halikuwemo. Sisemi kwamba kumalizia shahada ni uzushi. Kule kuna vyuo halali vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu wazima walio kazini, kama Thomas Edison State University cha New Jersey, kilichoanza mwaka 1972, ambacho hupokea krediti nyingi kutoka kwingine. Lakini hata huko zinapokelewa baada ya kukaguliwa, na kwa kawaida transkripti hutumwa na chuo ulichotoka moja kwa moja, wala haipiti mfukoni mwa wakala.

Ukirudi nayo hapa nchini, shahada yoyote ya nje inabidi itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ambayo ipo tangu mwaka 2005. Afisa utumishi wetu aliniuliza swali moja tu: "Barua ya utambuzi wa TCU iko wapi?" Wakala nilipomuuliza alijibu kwamba hiyo ni kwa wanaotafuta kazi serikalini, nami niko sekta binafsi. Mwalimu mwenzangu yeye ni mtumishi wa umma, na alikuwa amebakiza siku chache kupeleka cheti kile kwa ajili ya kubadilishiwa muundo wa utumishi, yaani ngazi ya kazi. Wenye kumbukumbu wanajua kilichotokea Aprili 2017, pale taarifa ya uhakiki ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli kule Dodoma ikiwa na majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mwalimu yule angepoteza ajira ya miaka 17 kwa faili la WhatsApp, na mbele ya sheria angekuwa yeye ndiye aliyewasilisha nyaraka ya kughushi.

Kwa wale waliokuwa wanasubiri zamu yao kwa wakala huyu, njia halali zipo. Mwenye diploma huomba chuo moja kwa moja, bila wakala, dirisha la udahili linapofunguliwa, na TCU hutoa mwongozo kila mwaka unaoonyesha sifa za kila programu. Kiwango cha chini kwa mwenye diploma ni GPA (wastani wa alama) ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na baadhi ya programu huongeza masharti yake. Mwalimu wetu alikuwa na GPA ya 2.7, na hilo ndilo lililomfanya aone aibu kuuliza chuoni akaishia kwa tapeli, wakati Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi, ya kumwandaa mtu aingie shahada, kwa watu wa namna hiyo hiyo, na kina kituo cha mkoa hapa Tanga. Asiye na sifa rasmi lakini mwenye uzoefu mrefu wa kazi anaweza kufuatilia mitihani ya utambuzi wa maarifa ya awali inayoratibiwa na TCU, ila aelewe kwamba ukiifaulu unapata mlango wa kuingilia chuo, hupewi shahada. Na kwa aliyeishia mwaka wa pili sehemu fulani, aombe transkripti rasmi chuo chake cha zamani, aipeleke anakotaka kuhamia, na asilipe ada kabla ya kupata barua inayosema ni krediti ngapi zimepokelewa na ni masomo gani yamebaki. Kama chuo chake kilifutiwa usajili, aanzie TCU.

Hata njia fupi kati ya hizi ni ya miaka, si ya miezi. Mimi nimeshaomba, na nikipata nitamaliza nikiwa na miaka 44.

Jalada tumelifungua sisi wawili. Mwenzetu wa tatu, muuguzi, bado anaogopa mumewe asijue kiasi alichotoa. Chumba cha juu ya duka la baiskeli kimefungwa tangu Julai na mwenye nyumba naye anadai kodi ya miezi miwili. Kama ulimlipa mtu huyu, tunza ujumbe wa muamala wenye jina lililotokea, picha ya risiti ya kaboni na karatasi yoyote yenye mwandiko wake wa kalamu nyekundu, uende navyo kituo cha polisi ukaunganishwe kwenye jalada. Fanya haraka, kwa sababu Jumamosi iliyopita nikisubiri basi stendi ya Kange nimeiona karatasi ile ile ya njano ukutani, ikiwa na namba mpya ya simu, na miezi sita sasa imekuwa minne.