Kujifungua njiti Mwanza: leba safi, mapokezi hovyo

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Chupa ilipasuka Jumanne jioni nikiwa nafunga gunia, mimba ya wiki 33. Bajaji ikanikimbiza hospitali moja hapa hapa mjini. Jina silitaji, maana na lawama zipo.

Mapokezi nilikaa kwenye benchi karibu saa nzima, kanga imelowa chepechepe, dada wa dirishani ananiuliza mara tatu kadi ya bima iko wapi. Mwishowe nikamwonyesha sakafu. Ndipo akanyanyuka.

Leba ilikuwa nchi nyingine. Kabla sijatulia kitandani mkunga alishanichoma deksa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Zinatakiwa sindano 4, moja kila baada ya saa 12. Nilipata 3, uchungu ukawahi.

Alhamisi saa 10 alfajiri njia ilikuwa imefunguka sentimita 9. Mama mkwe, waliyemruhusu kukaa nami nyuma ya pazia, akaanza: "Mpasueni, katoto kadogo haka katachoka!" Nami nilishalegea, kisu nakitamani.

Daktari hakubishana. Akasogeza kiti. "Mama, kichwa ndicho kimetangulia na kimeshashuka chini kabisa, mapigo ya moyo mazuri. Nikikupasua sasa itabidi nikirudishe juu. Kizazi kinaweza kuchanika, ukatoka damu nyingi. Udogo wake peke yake si sababu ya kisu." Angetanguliza makalio, au mapigo yangeporomoka, akasema, tungeongea mengine.

"Basi mvuteni na ile mashine," mama mkwe akasema.

"Vakyumu? Chini ya wiki 34 hatuitumii, mama. Kichwa bado laini mno, damu inaweza kuvujia ndani."

Maelezo yote hayakufika dakika tano, lakini hata kusukuma nilisukuma kwa moyo mwingine. Kwenye uzazi wangu wa kwanza, kwingine, niliamuliwa kila kitu kama mzigo wa melini.

Wakati nasukuma, mkunga alikuwa anasikiliza mapigo kila baada ya dakika tano kwa ile fetoskopu ya bomba. Ubaridi wake tumboni naukumbuka hadi leo. Saa 11 na robo mtoto akatoka, kilo 1.9, kalia kama kapaka. Kitovu walisubiri kama dakika moja ndipo wakakata, huku ameshalazwa kifuani kwangu.

Chumba cha kangaruu, cha kubeba njiti kifuani wapate joto, kilinichosha. Kina mama wawili kitanda kimoja, feni mbovu, na mtoto amefungwa kifuani usiku na mchana, jasho tupu. Kitenge changu kilikuwa bado kinanuka dagaa. Maziwa nakamua, ananyweshwa kwa kikombe kidogo. Siku 9 hivyo hivyo, mume wangu akichungulia dirishani.

Nawapa nyota 4, na zote ni za leba. Chupa ikikupasukia kabla ya wakati, usikae kwenye lile benchi. Nyoosha korido hadi mlango wa leba, ugonge.