Viungo vya Kilimohai Mkunazini: duka linaloonyesha cheti

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar maduka mengi ya viungo huandika kwenye pakiti kwamba bidhaa zao ni za asili, lakini duka dogo ninalonunua Mkunazini ni miongoni mwa machache ambayo muuzaji huonyesha cheti cha kilimo hai bila ya kubembelezwa.

Pakiti ya mdalasini niliyochukua ina alama ya Kilimohai, na chini yake jina la kikundi cha wakulima, namba ya shehena na mwezi wa mavuno. Alama hiyo ni ya kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, EAS 456, kilichopitishwa mwaka 2007, ambacho kinakataza mbolea na dawa za viwandani pamoja na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na kinamtaka mkulima aweke kumbukumbu za shamba lake. Nilipomuuliza bibi muuzaji ni nani aliyekagua, alifungua faili akanionyesha kuwa kikundi kimethibitishwa kwa mfumo shirikishi, yaani wakulima hukaguana mashamba kwa utaratibu walioukubali na kuuandika. Kwa soko letu la ndani utaratibu huo unatosha, na ndio anaoumudu mkulima mwenye eka moja. Anayetaka kuuza Ulaya kwa jina la kilimo hai hudaiwa cheti cha mkaguzi wa nje anayetambuliwa huko.

Mdalasini wenyewe ni mzuri sana, magome membamba yaliyojikunja vyema, na ukiuvunja harufu inajaa chumba. Pilipili manga ni nzito, haina vumbi wala vijiti. Hayo lakini ni ya kupima kwa jicho na pua, kwa sababu cheti huthibitisha namna ya kulima na kusarifu, si ladha.

Kasoro iko kwenye manjano ya unga. Yana kibandiko cha neno "asilia" tu, bila ya alama wala namba, na yamepangwa bega kwa bega na bidhaa zilizothibitishwa, jambo linalomchanganya mnunuzi. Muuzaji alinieleza wazi kwamba huyanunua sokoni. Yahamishiwe rafu nyingine, na bei yake ishuke.

Bei ya mdalasini inazidi ya soko la Darajani, nami naiona ya haki. Anayekwenda asome tarehe ya mwisho ya cheti, maana uthibitisho huhuishwa kila mwaka.